Waridi la Kauri Hupimwa Chini, Si Kichwani

Bustani nyingi za Isangi na Kisangani zinasifiwa isivyostahili, na kosa ni lile lile: watu wanapima waridi la kauri kwa ukubwa na wekundu wa kichwa chake. Waridi la kauri asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, lakini hapa Lomami inapoingia katika Mto Kongo limekuta unyevu linaoupenda, na huchanua hata kwenye parsele ambayo mwenyewe hajashika panga mwaka mzima. Kichwa kikubwa, basi, ni sifa ya mvua. Anayetaka kuiona kazi ya mtunzaji na ainame.

Mmea huu ni ndugu wa tangawizi. Ua halitoki kati ya majani. Bua lake huchomoza peke yake kutoka kwenye shina nene linalotambaa udongoni. Aliyewahi kuchuma tondolo, tunda la mwituni la jamii hiyo hiyo ya tangawizi, ameona jambo hilo, matunda yakiwa yamekaa chini kabisa, mbali na majani, lakini akifika bustanini hulisahau. Tazama hapo bua linapopasua udongo. Likiwa limenyooka tangu chini, mashina makuukuu yalikatwa sawa na ardhi na njia ikawa wazi. Likiwa limepinda, lilihangaika kupenya uchafu na visiki. Tena angalia katikati ya kichaka: maua yakiwa pembeni tu na kati pamebaki mabua makavu, kichaka hicho hakijagawanywa kwa muda mrefu, na wingi wa maua yake ni mabaki ya nguvu ya zamani. Mgongo wa shina ufunikwe kidogo tu. Anayeurundikia udongo anauozesha.

Watasema ua ni la macho, udongo wa nini? Lakini Yangambi, humo humo katika teritwari ya Isangi, kilikokuwa kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati wa Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1933, mimea imekaushwa na kuhifadhiwa kwa maelfu mengi, na jamii hii ikikatwa shingoni haimwambii mtaalamu kitu cha maana. Siku hizi picha za simu hukata shingoni vilevile. Zamani mgeni alizungushwa kichaka chote.

Udanganyifu nao hujificha hapo hapo. Muuzaji hubandua magamba ya nje yaliyokwisha kuwa meusi, ua kuukuu likaonekana changa. Tafuta makovu chini ya kichwa, kisha maua halisi, yale madogo yenye mdomo mwekundu na ukingo wa njano: hufunguka kutoka chini kwenda juu, na yakikaribia ncha, ua limezeeka. Wanaodai kwamba jeupe ni dalili ya udongo dhaifu wamekosea. Jeupe ni aina kamili, tena ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu halifichi doa hata moja.