Karakana ya useremala uani: banda kwanza, mashine baadaye

Mtu akitaka kuanza useremala nyumbani, cha kwanza anachoulizia ni bei ya mashine ya randa. Banda analiwazia mwisho: nguzo sita za mkaratusi, bati kuukuu na turubai upande inakotokea mvua. Kwangu mimi mpango huo umekaa kichwa chini miguu juu. Banda ndilo linaloamua kama mbao itakauka bila kujipinda, kama msumeno utakata mraba, na kama mapafu ya fundi yatafika uzeeni. Ninayoichambua hapa ni karakana ya mita 4 kwa 6 iliyojengwa nyuma ya nyumba Bweri, Musoma. Ramani yake inafaa pia Bunda na Butiama, ila kule chini, kwenye msingi, lazima ibadilike.

Sehemu nyingi za Musoma zimekaa juu ya mwamba, na Butiama mawe ya granaiti yamejitokeza mpaka kwenye viwanja vya watu. Huko msingi ni kazi rahisi: mawe yapo, ardhi haichezi, fundi mwashi anachohitaji ni saruji, mchanga na timazi. Pembe za Bweri zilinyooshwa kwa kamba ya 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikisoma mita 5 kamili, pembe ni mraba. Jamvi lilimwagwa zege la 1:2:4, unene wa sentimita 10, na pale patakapokaa mashine likaongezwa hadi 15.

Bunda ni habari nyingine. Ukishuka kuelekea Ghuba ya Speke unakutana na mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unapita. Masika unavimba na kuganda kwenye buti. Ukivimba unalisukuma jamvi kutoka chini, tena si kwa usawa. Kwenye sebule ufa wa sakafu ni kero ya macho tu. Kwenye karakana, mashine ya kupasulia ikisimama juu ya sakafu iliyoinuka upande mmoja, fremu yake inajinyonga, na kila ubao unatoka na ukingo usio mraba. Kwa hiyo mbuga yote inaondolewa mpaka tabaka gumu, kisha moramu inajazwa kidogo kidogo, sentimita 15 kwa wakati mmoja, inanyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya tabaka linalofuata. Jamvi lisishikane na kuta; liachiwe upenyo mwembamba ili kila kimoja kitembee peke yake. Maji ya bati yapelekwe mbali na msingi, kwa sababu ni kulowa na kukauka kwa zamu ndiko kunakoupa udongo ule nguvu ya kubomoa.

Wenye viwanja vya ufukweni, Makoko au Mwisenge, wana hesabu nyingine kabla ya kushika sururu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru ukingo wenyewe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa lenyewe lilionyesha sababu mwaka 2020, lilipopanda na kuipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964.

Sasa tupande juu ya msingi, maana hapa ndipo ramani ya Bweri ilipofikiriwa vizuri. Vitabu vingi vya useremala vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinasifu madirisha ya kaskazini, kwa kuwa kwao jua halipiti huko. Musoma iko kama nyuzi 1.5 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri linaegemea kaskazini kwa nyuzi 25 hivi. Mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini kwa nyuzi 22. Kaskazini na kusini kwetu ni karibu sawa. Ukilaza banda mashariki-magharibi, ukaweka madirisha kwenye kuta mbili ndefu na kutokeza paa sentimita 60, jua la adhuhuri haliingii dirishani mwaka mzima, mradi kizingiti cha chini kisizidi mita 1.2 kutoka usawa wa ukingo wa paa. Mwanga unaingia pande zote mbili, laini, na mstari wa penseli kwenye ubao hauzibwi na kivuli cha mkono.

Milango miwili mipana ikawekwa kwenye kuta fupi, ikitazamana. Kwanza kwa ajili ya upepo: mchana huvuma kutoka ziwani, unaingia mlango wa magharibi na kutokea wa mashariki. Msumeno umewekwa karibu na mlango wa mashariki, na benchi iko upande unakotoka upepo, kwa hiyo unga wa mbao unatoka nje bila kupita puani mwa fundi. Jambo hili si dogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1995. Barakoa bado inavaliwa. Upepo unapunguza tu mzigo wake.

Sababu ya pili ni urefu wa mbao. Mbao za sokoni nyingi ni futi 12, yaani mita 3.66. Kuipasua kwa urefu unahitaji nafasi hiyo mbele ya msumeno na nyuma yake, jumla zaidi ya mita 7. Banda ni mita 6. Lakini mbao inapotokezea mlangoni, uwanja unakuwa sehemu ya karakana, na mwenye nyumba ameokoa tofali, saruji na bati.

Juu ni bati la geji 28 kwenye papi na kenchi za paini, na chini yake dari nyepesi yenye upenyo wa hewa. Dari si pambo. Bati likipoa usiku hutoa jasho, na matone yakidondokea randa na patasi, asubuhi unakuta kutu.

Umeme ndio unaoharibiwa zaidi kwa kubana matumizi. Mota ya nguvu farasi 2 hutumia kama ampea 10 ikizunguka, lakini inapoanza inaweza kuvuta 60. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kwa umbali wa mita 30 kwenda na 30 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.45. Ampea 60 zikipita hapo, volti 27 zinapotea njiani: kati ya 230 mota inapata 203, inanguruma, inachelewa kushika kasi na kuchemka. Waya wa milimita za mraba 6 unapunguza upotevu huo hadi volti 11 hivi. Ni gharama ya mara moja, na ni ndogo kuliko kusuka mota upya.

Mbao za kazi zimepangwa ukutani ndani, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja, ncha zikipakwa rangi zisipasuke. Paini ya Sao Hill au Buhindi mara nyingi hufika bado mbichi. Ubao mmoja huwekewa alama na kupimwa kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, rundo liko tayari. Mninga, ambao husinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi, unatunzwa kwa droo na milango, nao hununuliwa wenye alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na hati ya kusafirishia.

Kazi ya kwanza ya karakana ni benchi yake: miguu ya paini nene, juu ubao mgumu, urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono wa fundi aliyesimama wima, ili akisukuma randa asukume kwa mwili mzima. Jiriwa moja inatosha kuanzia. Vanishi hupakwa asubuhi, msumeno ukiwa umezimwa tangu jana na sakafu imepanguswa kwa kitambaa kibichi, ili iwe imeshika kabla upepo wa ziwa haujaanza kuingia mlangoni.