Ukuta wa Ghala: Jinsi Orwell Alivyoujenga Uongo, na Jinsi ya Kuufundisha Koboko

Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza anayeingia darasani Abuku, wilayani Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akiwa na riwaya ya Animal Farm ya George Orwell, ana njia mbili za kuifundisha. Ya kwanza ni ile ya miongozo ya mitihani: jedwali ubaoni, upande huu wanyama, upande ule Warusi. Nguruwe Napoleon ni Stalin, nguruwe Snowball ni Trotsky, farasi Boxer ni mfanyakazi wa kawaida, na somo limekwisha. Njia ya pili ni ndefu, nayo ndiyo ninayoitetea. Mwalimu anaanza kwa kuuliza uongo wa shamba lile ulijengwaje, sentensi baada ya sentensi, mpaka wanyama walioshuhudia kila kitu kwa macho yao wakakubali kwamba hawakukiona.

Jedwali lina ukweli wake. Orwell aliandika kati ya Novemba 1943 na Februari 1944 akiilenga Urusi ya Stalin, na kwa kuwa Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani, wachapishaji kadhaa wa London walikikataa kitabu. Kilitoka Agosti 1945. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kupewa jedwali hana tena la kutafuta kitabuni. Anasoma ili kuthibitisha alichoambiwa. Tena Koboko kuna hatari ya ziada. Huku ndiko kwa baba yake Idi Amin, mtawala wa zamani wa Uganda, na haitapita robo saa kabla ya mwanafunzi mmoja kunyoosha mkono na kusema Napoleon ni Amin. Darasa hilo huenda lina mtoto ambaye babu yake alivaa sare ya jeshi la Amin, ameketi dawati moja na mtoto ambaye babu yake aliuawa na jeshi hilohilo. Na mwaka 1980, baada ya Amin kupinduliwa, jeshi la serikali mpya lilipoingia eneo hili la West Nile na kulipiza kisasi bila kuuliza nani alifanya nini, familia zote mbili zilikimbilia Zaire au Sudan kwa njia zilezile. Juni 1981 watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humohumo misheni. Somo likianza kwa kusaka nani ni nani, litageuka kesi ya koo, na kitabu kitasahaulika mezani.

Basi tuanze na ukuta.

Mwishoni mwa sura ya 2, baada ya wanyama kumpindua mwenye shamba, nguruwe wanaandika amri saba kwa rangi nyeupe juu ya ukuta wa ghala uliopakwa lami, herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali. Huu ndio mtambo wote wa riwaya. Orwell ameyaweka maandishi hadharani, halafu, kabla ya sura ya mwisho, anayabadilisha mara tatu kwa mbinu moja: hafuti neno hata moja, anaongeza tu. Katika sura ya 6, amri ya kutolala kitandani inaongezewa habari ya shuka. Katika sura ya 8, katazo la kuuana linapewa sharti kwamba kusiwe na sababu, na katazo la kunywa pombe linakuwa katazo la kunywa kupita kiasi. Kila nyongeza inakaa mwishoni mwa amri, kwa hiyo mnyama anayekumbuka mwanzo wake anaukuta mwanzo uleule, na anayafikiria yale maneno ya mwisho kuwa ndiyo aliyoyasahau yeye. Lawama inahama kutoka kwenye ukuta na kuingia kwenye kumbukumbu ya msomaji wake. Sijui riwaya nyingine inayoeleza jambo hili kwa maneno machache hivi.

Kazi ya darasa hapa ni nyepesi na haihitaji fedha. Amri saba ziandikwe kwenye karatasi kubwa ukutani siku ya sura ya 2. Kila mabadiliko yakifikiwa, mwanafunzi mmoja ayaongeze kwa kalamu ya rangi nyingine, na kando yake aandike mambo matatu: nani alinufaika, nani alitilia shaka, na nani alisimama karibu wakati shaka ile inatolewa. Jibu la swali la tatu litawashangaza. Farasi Clover anapomwomba mbuzi Muriel amsomee amri ya kitanda, Squealer, nguruwe msemaji wa Napoleon, anatokea akipita, na mbwa wawili watatu wako naye. Orwell hasemi kwamba Clover aliogopa. Ametaja mbwa tu, akaendelea.

Mbinu ya pili iko kwenye msimulizi. Msimulizi anakaa na wanyama wa chini karibu muda wote. Haingii kwenye mkutano wa siri wa nguruwe, wala kichwani mwa Napoleon. Anachokijua ni kile kilichotangazwa au kilichosemekana. Mwambie mwanafunzi apigie mstari kila kitenzi kisicho na mtendaji katika sura ya 8 na ya 9, kila pahali ambapo jambo liliamuliwa, lilitangazwa au lilijulikana bila kusemwa na nani. Kurasa zitajaa mistari. Utawala wa nguruwe unaishi ndani ya vitenzi hivyo, na kijana aliyezoea kuvitambua atavitambua pia kwenye taarifa ya redio na kwenye tangazo la ofisi.

Mahali pazuri zaidi pa kuyaonyesha haya ni kifo cha Boxer. Farasi huyu aliyelijenga shamba kwa mabega yake anaanguka akivuta mawe. Inatangazwa kwamba atapelekwa kwa daktari mjini Willingdon. Gari linakuja mchana, wakati wanyama wako shambani wakipalilia, na punda Benjamin anakuja mbio akipiga kelele. Wenzake wanalizunguka gari wakimuaga Boxer, na ndipo Benjamin anapowasomea maandishi ya ubavuni: ni gari la mchinja farasi. Siku tatu baadaye inatangazwa kwamba Boxer amefia hospitalini. Squealer anaeleza kwamba daktari alilinunua gari kwa mchinjaji, hakuwahi kulipaka rangi upya. Wanyama wanatulia. Kisha, kwenye mistari ya mwisho ya sura, sanduku kubwa linaletwa kutoka dukani, usiku kuna kelele kwenye nyumba ya nguruwe, na inasemekana wamepata pesa mahali fulani za kununulia wiski.

Pesa zimetoka wapi? Msimulizi hasemi, na hakuna mnyama anayeuliza. Gari, tangazo na sanduku vimewekwa kwa mpangilio, na hesabu ameachiwa msomaji. Hapa mwalimu asiseme kitu. Aandike mambo hayo matatu ubaoni, aweke chaki chini na kusubiri. Atakayegundua wa kwanza atapiga kelele, na darasa litakuwa limefikia kwa akili yake jambo ambalo mwongozo ungelitoa kwa mstari mmoja mkavu: Boxer aliuzwa, wakubwa wakamnywa. Ukimwahi mwanafunzi hapo, umemnyang'anya kitabu.

Benjamin anastahili kipindi chake peke yake. Punda huyu anasoma vizuri kama nguruwe, lakini alikataa kuitumia elimu yake. Clover alipomwomba amsomee amri ya kuuana, alisema hataki kujiingiza katika mambo kama hayo. Squealer alipoanguka usiku wa manane chini ya ukuta, ngazi imevunjika, kopo la rangi nyeupe limepinduka kando yake, Benjamin peke yake ndiye aliyeelewa, na akanyamaza. Alipofungua kinywa siku ya gari, muda ulikuwa umepita. Miongozo humwita mwenye hekima. Kwangu mimi hakuna mhusika mwenye deni kubwa kuliko yeye, na wanafunzi wa Abuku wana haki ya kuujadili uamuzi huo kwa ukali, kwa sababu nyumbani kwao wengi ndio wanaosomea wazee barua, risiti na fomu.

Baada ya kazi hiyo yote, mlango wa historia unaweza kufunguliwa, na utafunguka vizuri. Orwell alikufa Januari 1950, miaka 21 kabla ya mapinduzi ya Kampala yaliyomweka Amin madarakani, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba alimwandika Amin. Kinacholinganishwa sasa ni mbinu, wala si koo za watu. Tarehe 25 Januari 1971 askari alisoma kwenye Redio Uganda sababu 18 za kumpindua Rais Obote. Amin akajitambulisha kama mwanajeshi asiye mwanasiasa, akaahidi serikali ya muda na uchaguzi. Mwaka 1976 alitangazwa rais wa maisha. Wanafunzi wanaweza kuchora ukuta wa pili kando ya ule wa kwanza, kati ya 1971 na 1976, na kuuliza nini kiliongezwa, lini, na kwa maelezo gani. Waufanyie hivyohivyo utawala uliomtangulia na zile zilizomfuata. Mtoto wa askari na mtoto wa aliyeuawa wanaweza kuifanya kazi hii kwenye dawati moja, kwa sababu swali linahusu maandishi.

Kuna wenzo ambao shule nyingi haziutumii. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili, na Shamba la Wanyama ilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Mahali ambapo Kiswahili kinasikika sokoni kandokando ya Kikakwa, Kilugbara na Kinubi, mwanafunzi anayekwama kwenye Kiingereza cha Orwell anaweza kuufuata mtambo wa hadithi kwa Kiswahili kwanza, halafu akarudi kwenye asili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020, na kutahiniwa kidato cha nne (S4) kwa mara ya kwanza mwaka 2024, unamtaka mwanafunzi aonyeshe anavyoweza kutumia alichojifunza, jambo ambalo jedwali la Stalin na Trotsky haliwezi kumpa. Walimu wa fasihi ya Kiingereza na wa Kiswahili wangeweza kabisa kupanga vipindi vyao pamoja.

Walimu wa Koboko na Arua, nakala zikiwa chache, someni kwa sauti, na sura ya 9 msiiharakishe. Wapeni wanafunzi vipindi viwili vya kutosha kwa gari lile, kabla hamjawapa muhtasari wowote.