Neno "Gereza" Kilwa na "Gereja" la Wamalai

Mtu avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulakiwa na jengo kubwa la mawe lililo ufukoni, nalo huitwa Gereza. Wengi wakilisikia jina hilo hudhani mara moja kuwa Wareno walifunga watu humo. Dhana hii ni nyepesi mno, wala siikubali.

Katika Kimalai na Kiindonesia liko neno la kila siku gereja, maana yake kanisa, nalo limetokana na igreja la Kireno. Gereza letu lina asili hiyo hiyo. Irabu ya mwanzo imedondoka na e imeingia kati ya g na r. Ama z yetu, tazama mesa la Kireno: Wamalai husema meja, sisi twasema meza. Sauti mbili ambazo Mreno huzitenga katika mesa na igreja, kwao zimekutana katika j, na kwetu zimekutana katika z. Katika sauti, basi, hapana la kustaajabisha.

La kustaajabisha ni maana. Huko Malacca, iliyotekwa na Wareno mwaka 1511, na katika visiwa vya mashariki yake, waumini walibaki, na neno likabaki na kanisa lao. Pwani yetu waumini hawakubaki; na kanisa tunalolitaja leo twalitaja kwa neno la Kiarabu. Lililobaki kwetu ni majengo. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake. Unguja, Waarabu wa Omani walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Hapo ndipo igreja lilipogeuka ngome. Kifungo kilifuata baadaye: ngome ya Mombasa ilikuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hata 1958. Wanaoruka kutoka kanisa hadi jela wameiacha maana ya kati.

Na Kilwa je? Wareno walijenga ngome yao 1505, wakaihama 1512. Miaka saba ni michache kwa neno la wageni kukaa vinywani mwa watu, tena jengo tulionalo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, yapata mwaka 1800. Naona kuwa neno lilifika Kilwa kutoka kaskazini, likiwa tayari lina maana ya ngome. Jina la jengo lile halishuhudii kanisa wala kifungo. Mtunga kamusi aandikaye "jela" peke yake mbele ya neno hili amewanyima watu wa Kilwa maana ambayo jengo lao lingali likiitunza.