Hongera kwa Fundi Anayesikiliza

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, bado zinapanda milima na kuvuka mito mikavu ya kwetu. Sifa huenda kwa kiwanda. Leo naipeleka gereji.

Mteja husema tu, "Fundi, gari inalia." Fundi mzuri hakimbilii spana. Anauliza: inalia ukikanyaga mafuta au ukiachia? Ukikata kona? Ukiingiza four, yaani four-wheel drive? Kila jibu linapunguza washukiwa. Ikigonga "ko!" unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi, anaishuku kroosi ya propela. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta unampeleka kwenye difu; unaozidi ukikata kona upande mmoja, kwenye beringi ya gurudumu. Kelele inayonyamaza ukikanyaga klachi gari likiwa nyutro, hiyo mara nyingi ni ya giaboksi.

Kisha anathibitisha. Anaweka kabari kwenye matairi, anaingia uvunguni, anashika propela kwa mikono miwili na kuitikisa huku na huku. Kroosi ikicheza, imekwisha. Anafungua nati ya difu, anasugua oili kwa vidole, anaitazama juani: chenga za chuma ni habari mbaya.

Na ana uungwana. Akikuta gari limekaza kwa sababu tu four imeachwa ndani kwenye lami kavu, anaitoa na kumwelekeza dereva, bila kumuuzia kipuri. Hongera, fundi. Uaminifu wako ndio unaotufikisha.