Pasipo Chuma: Kuisoma Bunduki ya Kaskazini

Bunduki ya doria ya Aktiki isomwe kwanza pale ambapo haina chuma: nafasi ya kidole, mwanya kati ya komeo na kuta zake, tundu la kutolea maganda. Baridi kali huingia humo, na humo ndimo mbunifu anamojulikana kama aliwahi kuufikiria mkono uliovaa glovu mbili. Kwa jicho hilo naziweka pamoja bunduki mbili za Canadian Rangers: Lee-Enfield No. 4, iliyowatumikia kwa miongo kadhaa, na C19, iliyoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2018.

Rangers ni kikosi cha akiba cha jeshi la Kanada kilichoundwa mwaka 1947. Wako takriban 5,000, wengi wao wakaazi wa vijiji vya mbali, wakiwemo Wainuit. Kazi yao ni kuzunguka, kuona, kuripoti na kutafuta waliopotea. Adui wao wa kawaida ni njaa, na dubu mweupe. Kwa hiyo bunduki yao haihitaji kumwaga risasi; inahitaji kutokukataa.

Ndiyo maana zote mbili ni za komeo. Bunduki inayojipakia yenyewe hutegemea nguvu ya mlipuko, na kwenye baridi kali baruti hupoteza sehemu ya nguvu yake huku mafuta ya kulainishia yakiganda mithili ya uji uliolala. Katika bunduki ya komeo, nguvu hutoka begani na kwenye kiganja. Mafuta yakiganda, mtu huongeza nguvu ya mkono. Denmark ilifikia uamuzi huohuo: doria ya Sirius, inayopita Greenland ya kaskazini-mashariki kwa mbwa na sleji, ilibeba kwa miongo mingi M1917, bunduki ya komeo ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Lee-Enfield ni ya ukoo ambao askari wa King's African Rifles (KAR) waliubeba hadi Burma. Ukiifungua, unaona uwazi mkubwa juu ya magazini. Theluji huingia kirahisi, hilo ni kweli, lakini hutoka kirahisi vilevile. Kidole kinafika kila mahali. Meno yanayolifunga komeo yako nyuma, si mbele karibu na risasi, kwa hiyo hakuna kishimo kilichojificha nyuma ya mtutu cha kukusanya barafu. Tena chumba cha risasi kilichongwa kwa ulegevu ili risasi yenye matope iingie. Ulegevu huo ni fikra iliyokamilika: mtengenezaji alikubali mapema kwamba uchafu utakuja, akauachia njia.

C19 ina fikra nyingine. Ni Tikka T3x Arctic ya kampuni ya Sako ya Finland, iliyotengenezwa Kanada na Colt Canada. Tao linalokinga triga limepanuliwa, na kirungu cha komeo kimenenepeshwa. Hapa sina ila sifa. Kuvua glovu ili kufyatua ni hatari, kwa sababu chuma cha baridi kali hung'ang'ania ngozi, na vidole vilivyokufa ganzi havihisi triga. Mtutu haushiki kutu haraka, jambo kubwa kwa chombo kinachotoka barafuni na kuingia hemani, kikatoa jasho, kisha kikarudi nje jasho hilo ligande. Wazoefu huiacha bunduki nje usiku kucha kwa sababu hiyohiyo.

Lakini sehemu ya juu ya C19 imefungwa. Maganda hutokea kwenye dirisha la ubavuni, na meno ya komeo yako mbele. Ukuta huu huzuia theluji vizuri zaidi kuliko ule uwazi wa zamani, ila theluji ikishapita, kuitoa kwa mkono wenye glovu ni kazi. Magazini ikidondoka thelujini, kulisha risasi mojamoja kupitia dirisha lile kunahitaji utulivu ambao mtu aliyekabiliwa na dubu hana. Bunduki ya zamani ilimsamehe mtumiaji. Hii inamtaka awe mwangalifu.

Bila shaka, ya zamani isingeweza kuendelea milele. Vipuri vilikuwa vimeadimika, na bunduki isiyo na kipuri haifai kukabidhiwa mtu anayekwenda mbali na fundi.

Kitako cha C19 ni cha mbao za tabaka zilizobandikwa, nyekundu. Mbao ni chaguo sahihi: hazinyonyi joto la shavu kama chuma. Wekundu nao unaifanya bunduki ionekane ikianguka thelujini, na unaambatana na mavazi mekundu ya Rangers. Iliripotiwa baadaye kwamba rangi hiyo huchuja mikononi kukiwa na unyevu mwingi na joto linalobadilika ghafla, na kasoro hiyo ndiyo iliyozungumzwa sana. Kwangu ni ndogo: rangi hubadilishwa kiwandani bila kugusa utendaji. Dirisha la maganda halibadilishwi. Umbo zima la bunduki limejengwa kulizunguka, na Ranger atakayeibeba miaka thelathini ijayo atabeba uamuzi huo pia.