Kuchota si Kuchagua: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Istilahi ya kisayansi hupimwa kwa kazi yake: humwonyesha msomaji jambo lenyewe, au humfichia? Swali hilo lahusu hasa elektroforesi ya kapilari, mbinu iliyoimarishwa na Jorgenson na Lukacs nchini Marekani mwaka 1981. Kwa mbinu hiyo, vitu vilivyoyeyuka hutenganishwa kwa umeme ndani ya mrija mwembamba mno. Mrija wenye kipenyo cha ndani cha mikromita 50 na urefu wa sentimita 50 hubeba takriban mikrolita 1 tu. Sampuli huchukua sehemu ndogo sana ya nafasi hiyo.

Kifaransa na Kiingereza hukiita kitendo cha kuingiza sampuli hiyo kwa neno lile lile la kudunga sindano. Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, sindano haipo: ncha ya mrija hutumbukizwa katika kichupa cha sampuli. Pili, na hili ndilo zito zaidi, jina moja limefunika vitendo viwili visivyolingana.

Katika njia ya kwanza, shinikizo, au tofauti ya kimo baina ya vichupa viwili, husukuma kimiminika mrijani. Vyote vilivyomo huingia kwa uwiano ule ule. Huko ni kuchota. Katika njia ya pili, umeme hupitishwa kwa sekunde chache, na kila ayoni huingia kwa mwendo wake. Potasiamu, iliyo nyepesi wa mwendo, huingia kwa wingi kuliko lithiamu, hata zikiwa zimetiwa kwa kiasi sawa. Tena, chumvi ikizidi katika sampuli, kinachoingia hupungua. Huko ni kuchagua. Huang, Gordon na Zare waliueleza upendeleo huo mwaka 1988.

Hata hivyo, njia ya pili haistahili kutupwa. Mrija uliojazwa jeli haukubali kusukumwa kwa urahisi. Ndiyo maana mashine za kapilari zilizosaidia kusoma jenomu ya binadamu ziliingiza DNA kwa umeme. Kosa ni kuchagua huku mtu akidhani amechota, kisha kuandika kipimo kisicho cha kweli.

Basi Kiswahili hakina haja ya kurithi sindano hiyo. “Kuingiza kwa shinikizo” na “kuingiza kwa umeme” yatosha: mwanafunzi atakayesoma maneno hayo atajua mapema ni matokeo yapi ya kusadiki, na yapi ya kusahihisha kwanza.