Vidoa Vyeusi vya Ngozi: Jinsi Jeni Zilivyotenganisha Aina Zake

Mkulima wa Masisi ana kidoa cheusi kwenye unyayo. Mtoto wa Walikale amezaliwa na alama kubwa nyeusi yenye nywele mgongoni. Wazee wetu wengi wana vipele vidogo vyeusi mashavuni. Kwa macho, tofauti ni ukubwa na umbo tu, lakini kwa jeni kila kimoja kinaweza kuwa na chanzo chake. Ujuzi huu umepatikana kwa kuwa kuna watu waliohifadhi vipande vya ngozi kwa uangalifu, na uangalifu huo unawezekana hata kwetu Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Kidoa kikikatwa hutumbukizwa kwenye formalini kisioze, kisha huzungushiwa nta. Nta hiyo hukatwa tabaka nyembamba mno. Mtaalamu wa patholojia hupima tabaka moja kwa hadubini na kuonyesha mahali zilipojikusanya seli za rangi, yaani melanosaiti. Kwenye tabaka la pili seli hizo hukwanguliwa peke yake, DNA hutolewa na herufi zake husomwa. Baadaye hulinganishwa na DNA ya damu au ngozi safi ya mtu yuleyule. Badiliko lililomo kwenye kidoa na lisilokuwamo kwenye damu halikurithiwa. Limetokea mwilini baada ya mimba kutunga.

Kwa njia hiyo, mwaka 2003 Pamela Pollock na wenzake walikuta badiliko la jeni ya BRAF katika asilimia 82 ya vidoa vya kawaida walivyopima. Mara nyingi ni herufi moja tu, T kuwa A. Badiliko hilo huiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Mbona basi kidoa hakigeuki saratani? Mwaka 2005 watafiti wa Amsterdam walionyesha kwamba seli hizo, zikishagawanyika kwa muda, hujifunga breki: protini ya p16 huongezeka na ukuaji husimama.

Vidoa vya samawati vilikuwa na habari nyingine. Mwaka 2009 Catherine Van Raamsdonk na wenzake walikuta jeni ya GNAQ imebadilika katika asilimia 83 ya vidoa hivyo. Mwaka 2013, London, Veronica Kinsler na wenzake walichunguza watu waliozaliwa na alama nyingi. Walisoma alama zaidi ya moja kwa mtu mmoja, wakakuta badiliko lilelile la jeni ya NRAS kwa watu 12 kati ya 15, ilhali damu haikuwa nalo. Maana yake, seli moja ilibadilika mtoto akiwa tumboni, na vizazi vyake vikasambaa kwenye ngozi. Mama wa mtoto aliyezaliwa na alama kama hizo hakuvunja mwiko wowote wala hakula kitu kibaya, na asilaumiwe.

Vile vipele vya mashavuni si vidoa vya melanosaiti kabisa. Utafiti wa mwaka 2010 uliona ndani yake mabadiliko ya jeni za FGFR3 na PIK3CA, katika seli za tabaka la juu la ngozi.

Kasoro kubwa ya elimu hii ni kwamba sampuli nyingi zimetoka kwa watu weupe. Kwa Waafrika, melanoma, yaani saratani ya seli za rangi, hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si sababu kuu, na badiliko la BRAF huonekana kwa uchache zaidi. Jirani zetu waliliona swali hili mapema. Daftari la Saratani la Kampala lilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1967 M. G. Lewis alichapisha uchunguzi wake kuhusu vidoa vya nyayo na melanoma nchini Uganda. Aliweza kwa sababu kulikuwa na sampuli na kumbukumbu zake.

Goma ina maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iliyozinduliwa mwaka 2020, inayosoma jeni za virusi; kwa hiyo kusoma jeni si jambo geni hapa. Ugumu uko kabla ya sampuli kufika maabara, kwenye barabara ndefu na zisizo salama za Walikale na Masisi. Formalini isiyorekebishwa asidi, au sampuli kukaa humo kwa wiki nyingi, huvunjavunja DNA. Kwa hiyo inafaa kutumia formalini ya asilimia 10 iliyorekebishwa, ujazo wake mara kumi ya kipande. Baada ya siku moja au mbili, kipande kihamishiwe kwenye alkoholi ya asilimia 70 kisubiri usafiri. Kichupa kiandikwe umri, mahali pa mwili na tarehe.

Nawe msomaji, kidoa cha unyayo au cha chini ya ukucha kikikua, kikibadilika rangi, kikitoka damu au kikageuka kidonda kisichopona, usikikate kwa wembe wala kukichoma kwa dawa kali. Nenda hospitali, na ukikatwa uulize kipande kinapelekwa wapi. Kipande kikitupwa, daktari hana cha kupima, na swali la melanoma ya nyayo zetu litaendelea kujibiwa kwa ngozi za watu wengine.